Jina Afrika lilitoka wapi, na sisi tulilipata namna gani

Wandugu wanachama, na nyinyi wafadhili wetu munaosoma bulletini hii toka mbali,

Katika mkutano mkuu uliopita hapa Kasenga, vijana wetu walileta ombi moja: neno "Afrika" liondolewe katika jina la chama, na liondolewe sasa, mbele ya kumlipa mchoraji wa kibao kipya. Sababu yao ni ile habari inayozunguka sana katika WhatsApp. Inasema Afrika ni jina la wazungu, jina la utumwa, na kwamba jina letu la kweli la zamani ni "Alkebulan", maana yake "mama wa wanadamu". Wazee wakakataa. Vijana wakasema wazee wamelala. Mama mmoja akauliza kama rangi ya kibao imekwisha kununuliwa, na watu wakacheka, lakini ugomvi haukuisha. Komite ikaniambia: weye ulisoma mambo haya kule iniversite, andika kitu, watu wasome mbele ya kupiga kura.

Basi nimeandika. Iko ndefu kidogo, mutanisamehe, lakini jambo lenyewe ni refu.

Tuanze mahali jina linapoonekana kwa mara ya kwanza bila mashaka: kwa Warumi. Zamani, zaidi ya miaka 2100 iliyopita, kulikuwa na mji mkubwa unaoitwa Karthago, karibu na pale Tunis ilipo leo. Waliujenga Wafoinike, watu wa baharini waliotoka upande wa Lebanoni. Karibu na mji huo waliishi watu ambao Warumi waliwaita Afri. Mmoja wao aliitwa Afer. Mwaka wa 146 mbele ya kuzaliwa Yesu, jeshi la Roma liliuvunja mji wa Karthago kabisa, na nchi iliyokuwa yake ikafanywa jimbo la Roma. Jimbo hilo wakaliita Africa, maana yake nchi ya Waafri.

Sisi watu wa Uvira hatuna shida ya kuelewa namna hiyo ya kutengeneza jina. Wafanyabiashara wa pwani walipofika huku katika miaka ya 1800, walikuwa wanachukua jina la watu na kuweka U- mbele yake ili kupata jina la nchi. Wavira wakatoa Uvira, Wajiji wakatoa Ujiji, Wanyamwezi wakatoa Unyamwezi. Warumi walifanya hivyo hivyo, lakini wao waliongeza mwisho wa neno, si mwanzo. Afri wakatoa Africa. Kwa kusema wazi, "Africa" ya kwanza ilikuwa neno la aina moja na "Uvira": sehemu ndogo, yenye watu wake, iliyoitwa na wageni.

Na ilikuwa ndogo kweli. Jimbo lile halikushika hata Tunisia yote ya leo. Misri haikuwa ndani, Ethiopia haikuwa ndani, na sisi wa ziwa hakuna Mrumi aliyejua kama tuko. Bara lote lilikuwa na jina lingine. Wagriki waliliita Libya, na jina hilo nalo lilitokana na kabila moja la jirani ya Misri, Walibu, ambao Wamisri wenyewe waliwaandika katika mawe yao. Mwandishi Herodoto, aliyeishi karibu miaka 450 mbele ya Yesu, anapotaja Libya anasema juu ya bara zima. Mrumi Plinio, baadaye sana, aliona lazima awaeleze wasomaji wake kwamba nchi wanayoiita Africa Wagriki wanaiita Libya. Kisha Roma ikawa na nguvu kuliko wengine, na jina la jimbo lake likasambaa toka pwani kwenda chini, kama mafuta katika karatasi, mpaka likafika Rasi ya Tumaini Jema. Libya ikarudi kuwa jina la nchi moja tu.

Mambo haya hayakutupata sisi peke yetu. "Asia" pia ilikuwa jimbo dogo la Roma, upande wa magharibi wa Uturuki ya leo, na leo imefunika China na India, ambao hawakuulizwa. "Amerika" ni jina la mtu, Amerigo Vespucci wa Italia, lililoandikwa katika ramani moja mwaka wa 1507, na watu waliokuwa wanaishi kule hawakujua hata kama kuna mtu wa jina hilo.

Sasa, neno Afri lenyewe lina maana gani? Hapa njo kila mtu ana lake. Wamoja wanasema linatoka katika lugha ya Waberberi, ambao mpaka leo wako Algeria, Tunisia na Maroko. Kwao "ifri" ni pango, na kuna ukoo mkubwa wa zamani ulioitwa Banu Ifran. Wengine wanaleta neno la Wafoinike, "afar", vumbi. Yosefo, mwandishi wa Kiyahudi, alilileta kwa Eferi, mjukuu wa Abrahamu kwa Ketura, ambaye tunamsoma katika Mwanzo 25. Askofu Isidoro wa Sevilla, aliyekufa mwaka wa 636, alisema ni neno la Kilatini "aprica", mahali penye jua. Kuna wanaosema ni neno la Kigriki, "pasipo baridi". Hao wawili wa mwisho ningewapeleka Uvira mwezi wa saba asubuhi, upepo ukitoka ziwani, kisha waseme tena.

Wasomi wengi wanaegemea upande wa Waberberi, na mimi pia ninaona njo penye akili zaidi. Warumi hawakutunga jina hilo kwa kutazama jua. Waliwakuta watu pale, wakawaita kwa jina lililosikika pale. Kama ni hivyo, mzizi wa neno Afrika uko katika udongo wa bara hili hili. Wazungu waliliongezea mkia, na walilipanua, lakini mbegu haikutoka kwao.

Na Alkebulan? Nimeitafuta kwa bidii, maana hata mimi ningefurahi kuipata. Shida ni hii: watu wanaoisambaza hawaonyeshi andiko lolote la zamani lenye neno hilo. Hakuna jiwe la Misri linaloonyeshwa, hakuna ngozi ya Ethiopia, hakuna kitabu cha Timbuktu. Wanasema ni neno la zamani kuliko yote, lakini mwanzo wake, "al", unafanana na ule wa Kiarabu tunaouona katika Alkorani, na Waarabu waliingia Misri na dini yao katika miaka ya 640. Tena, tujiulize. Nani zamani zile angelipa bara zima jina moja? Mtu wa Kasenga wa miaka 2000 iliyopita alijua mlima wake, ziwa lake, na majirani wake wa ng'ambo. Ili uweze kuita bara, lazima uwe umeliona toka nje, ama uwe na ramani. Njo maana majina ya mabara karibu yote yametoka kwa wasafiri, maaskari na wachora ramani. Si aibu ya Waafrika. Hata Wazungu hawakujiita "Wazungu".

Waarabu walipochukua ile sehemu ya Karthago, walilikuta jina pale pale, wakalitamka Ifriqiya. Mwaka wa 670 walijenga mji wao, Kairouan, na Ifriqiya ikaendelea kuwa nchi ile ya Tunis na kando zake. Sisi watu weusi wa chini hatukuwa ndani ya Ifriqiya. Sisi walitupatia majina mengine, na karibu yote yalitazama ngozi. Bilad as-Sudan, nchi ya weusi. Zanj, watu wa pwani ya mashariki, na toka hapo Waajemi wakapata Zanzibar, pwani ya weusi. Wagriki walikuwa wamekwisha kufanya vile na Ethiopia, "watu wa nyuso zilizoungua". Nikilinganisha majina haya yote, Afrika ni moja ya yale machache yasiyotaja rangi ya mtu. Vijana wetu wanaosema ni jina la matusi wapime hilo.

Nitasimama kidogo kwa mtu mmoja, maana historia yake inafanana sana na yetu. Aliitwa al-Hasan ibn Muhammad al-Wazzan. Alizaliwa Granada, Hispania, karibu na mwaka wa 1494, katika jamaa ya Waislamu. Mji wao ulikuwa umetekwa na wafalme Wakristo mwaka wa 1492, na jamaa yake ikahama, ikavuka bahari, ikaenda kukaa Fez, Maroko. Kule alisoma, akawa mjumbe wa sultani, akatembea mpaka Timbuktu. Mwaka wa 1518 wanyang'anyi wa baharini walimkamata, wakampeleka Roma kama zawadi kwa Papa Leo wa Kumi. Akabatizwa mwaka wa 1520, akapewa jina la Papa. Na kule Ulaya wakamwita Leo Africanus, Leo Mwafrika. Kitabu chake juu ya Afrika kilichapishwa Venezia mwaka wa 1550, na kwa miaka mingi sana Wazungu waliisoma Afrika kupitia kwake.

Sasa ona majina yake. Katika Kiarabu alibeba al-Gharnati, mtu wa Granada, na al-Fasi, mtu wa Fez. Roma ikamfanya mtu wa Afrika. Kila mahali alipofika aliitwa kwa mahali alipotoka. Sisi kule Nyarugusu na Lugufu tulikuwa "Wakongomani", hata mtoto aliyezaliwa kambini na ambaye hajawahi kuona Kongo. Kuanzia Oktoba 2005, HCR ilipoanza kurudisha watu kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka, tulishuka na mizigo yetu, na mwezi haujaisha tukawa "Watanzania", kwa sababu watoto walisema "nimeshakula" na si "nimekwisha kula". Waliokuwa Burundi nao wanaitwa vyao. Mwanachama mmoja aliniambia: jina langu la kweli nilikuwa nalo ndani ya mashua tu, katikati ya ziwa.

Na mtu wa kwanza anayejulikana sana katika historia kwa jina la "Mwafrika"? Ni Terentius, mwandishi wa michezo ya kuchekesha, aliyekufa karibu na mwaka wa 159 mbele ya Yesu. Warumi wanasimulia kwamba alizaliwa Karthago, akaletwa Roma kama mtumwa, bwana wake akamsomesha na kumwachilia. Aliitwa Terentius Afer, Terentius Mwafri. Kisha kuna mwingine aliyebeba jina hilo kwa njia ya kinyume: Scipio, jenerali wa Roma aliyemshinda Hannibal mwaka wa 202 mbele ya Yesu. Huyo wakamwita Africanus kwa sababu aliipiga Afrika. Basi toka mwanzo neno hili lilikuwa katika shingo ya mtumwa na pia katika kifua cha mshindi. Hapo ninakubaliana na vijana: jina hili limepita katika mikono michafu.

Lakini jina lipi halijapita? Tutazame ziwa letu. Februari 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji wakiongozwa na watu wa pwani. Burton aliandika kwamba watu wa ziwa wote wanaliita Tanganyika, na akaeleza kuwa ni mahali pa kukutana kwa maji, toka neno la kuungana, lile ambalo watu wa pwani wanatamka kuchanganyika. Akaongeza kitu kinachonifurahisha: Waarabu na wageni wengine hawakujali jina, waliita tu bahari, ao ziwa, ao hata mtoni. Stanley alipokuja akatoa maelezo mengine, akashika "nyika", uwanda ulio wazi, kwamba ni ziwa lililotandaa kama uwanda. Livingstone yeye alifika upande wa kusini Aprili 1867, na watu wa kule wakamwambia ziwa linaitwa Liemba. Jina hilo wengi wenu mumelipanda kwa miguu yenu: ile meli ya Wajerumani, Goetzen, iliyozamishwa mwaka wa 1916 na kuinuliwa mwaka wa 1924, Waingereza waliirudisha kazini mwaka wa 1927 kwa jina la Liemba. Wakimbizi wangapi wa mwaka wa 1997 wanaikumbuka, sitaki hata kuhesabu.

Wale Burton na Speke walifika mpaka hapa Uvira, Aprili 1858. Walitaka kuona Rusizi, kwani walitumaini ni mto unaotoka ziwani kwenda kaskazini. Wenyeji wakawaambia hapana, Rusizi inaingia ziwani. Wazungu hawakufika kwenye mto, wakageuza mitumbwi, na huko Ulaya watu wakabishana miaka 13, mpaka Livingstone na Stanley walipokuja Novemba 1871 na kukuta kwamba watu wa hapa walisema kweli. Ninalitaja hili kwa sababu vijana wanasema majina yote ni ya wageni. Tanganyika si ya wageni. Wageni waliliandika, na wakabishana juu ya maana yake bila kuwauliza wavuvi. Kisha Waingereza wakalichukua mwaka wa 1920 kuita koloni lao lote, mpaka Dar es Salaam ambako hakuna hata tone la maji ya ziwa letu. Nchi hiyo ikajitawala kwa jina hilo mwaka wa 1961, ikaungana na Zanzibar mwaka wa 1964, na kipande cha mbele cha Tanganyika kikabaki ndani ya neno Tanzania. Na sisi huku, toka 2015, tuko na jimbo la Tanganyika, kule Kalemie. Jina moja la maji, wenyewe wengi.

Kwa Kongo ni karibu hivyo. Ni jina la ufalme wa Wakongo kule magharibi, kwenye mdomo wa mto, ambako Mreno Diogo Cão alifika katika miaka ya 1482 na 1483. Wareno waliuliza mto unaitwaje, wakajibiwa kwa Kikongo "nzadi", mto mkubwa, wakasikia Zaire. Tarehe 27 Oktoba 1971 Mobutu alisema tunarudi katika majina ya mababu, na akatuita Zaire. Yaani alikimbia jina la kifalme cha Waafrika, akaenda kukaa katika neno la Kiafrika lililovunjwa na Wareno. Mwaka uliofuata majina ya Kikristo yakakatazwa, na baba zetu wakaandikishwa upya. Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila akarudisha Kongo. Mzee wa miaka 70 katika chama hiki amekuwa Mkongomani, Mzairwa, mkimbizi, na Mkongomani tena, na nyumba yake ya udongo haikusogea, isipokuwa maji ya ziwa yalipopanda.

Mimi kazi yangu ni ya terrain, na ninaona kila wiki kitu ambacho jina linaweza kufanya. Mtoto amezaliwa kambini, wamemwandika Msafiri, Kiswahili cha Tanzania. Baba yake huku ni Musafiri. Wilonja wa kambi ni Wilondja wa Uvira. Ni sauti moja, mtu mmoja, lakini kwenye dirisha la ofisi ni watu wawili. Mwaka jana mama mmoja alirudishwa mara tatu kwa sababu ya herufi d, na kila mara njia ya pikipiki, na kila mara karatasi mpya. Baadaye akaambiwa aende tribinali. Wafadhili wakiuliza kwa nini tuliomba pesa nyingi za karatasi za kuzaliwa, jibu ni hilo. Tuna faili 41 za namna hiyo katika sanduku la sekretari.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho kilinifanya nikubali kuandika. Ugomvi wa kibao ulianza kwa neno Afrika, lakini katika dakika kumi ulikuwa umefika kwingine. Mtu akasema: kama tunatafuta majina ya kweli ya zamani, basi tutafute pia makabila ya kweli ya zamani. Wote tunajua barabara hiyo inaenda wapi. Sheria ya uraia ya tarehe 29 Juni 1981 ilitaka mtu aonyeshe kwamba kabila la babu yake lilikuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Agosti 1885, siku ambayo hakuna babu wa mtu yeyote hapa aliyejua kama kuna mipaka. Watu wakaanza kupimwa kwa umri wa jina la kabila lao: jina hili liko katika kitabu cha Wazungu, jina lile haliko. Sheria ya Novemba 2004 ilisogeza tarehe mpaka uhuru, 1960, lakini vipimo vile vimebaki midomoni. Katika chama chetu kuna watu wa ng'ambo zote za ugomvi huo, na wote walikimbia katika ziwa moja.

Ndiyo sababu nimechosha watu na Warumi na Waberberi. Jina Uvira lenyewe, namna tunavyolitamka, lina mkono wa wafanyabiashara wa pwani ndani yake. Kiswahili ninachoandika hapa ni cha "sawahil", neno la Kiarabu la pwani, na sisi tuko umbali wa zaidi ya kilomita 1000 toka pwani hiyo. Hata Kasenga: katika Katanga ya juu, kwenye mto Luapula, kuna Kasenga nyingine, kubwa kuliko yetu, na barua imewahi kupotelea huko. Nani wa kweli? Jina kuwa changa, ao kutolewa na jirani, halisemi chochote juu ya muda ambao watu wamelima mahali.

Na sisi pia tunaita wengine bila kuwauliza. Tunasema Ulaya. Neno hilo ni la Kiarabu, wilaya, nchi ya utawala fulani, na lilifika kwetu kwa njia ya pwani. Maaskari Waingereza waliolisikia India walilichukua wakaita nyumbani kwao kwa jina hilo hilo lililogeuzwa. Hakuna Mbelgiji aliyelalamika kwamba tunamwita mtu wa wilaya. Wakinyarwanda wanatamka Afurika, Waganda Afirika, na sisi tukiongea haraka tunatamka kama Waganda. Wachina waliandika jina kwa alama zao kufuata sauti, kisha wakalifupisha, na alama iliyobaki ikisomwa peke yake ina maana "si". Bara la "Si". Sidhani walitaka ubaya, walifuata sauti tu.

Kinachobaki ni swali la nani analitumia jina, na kwa kazi gani. Mwaka wa 1929 watu wa Dar es Salaam walianzisha chama wakakiita cha Waafrika, African Association, na toka humo ikatoka TANU ya Nyerere. Desemba 1958 Lumumba alikwenda Accra, Ghana, katika mkutano wa watu wote wa Afrika ulioitishwa na Nkrumah, akarudi Léopoldville akasema mbele ya umati kwamba uhuru ni haki na si zawadi. Tarehe 25 Mei 1963, Addis Ababa, nchi zilizojitawala ziliunda OUA, Umoja wa Nchi za Afrika. Wale waliokaa pale walijua vizuri kuliko sisi kwamba jina ni la Warumi. Walilichukua hata hivyo, kama mtu anayechukua nyumba iliyojengwa na mkoloni na kulaza watoto wake ndani.

Na OUA hiyo ilifanya kitu kimoja ambacho kinatuhusu kabisa. Tarehe 10 Septemba 1969 ilitia sahihi mkataba wake juu ya wakimbizi wa Afrika. Mkataba wa dunia wa mwaka wa 1951 ulikuwa unauliza: weye mwenyewe, unateswa kwa sababu gani? Ule wa Afrika uliongeza: hata mtu anayekimbia vita, uvamizi, ao machafuko makubwa katika nchi yake, huyo ni mkimbizi. Fikirini mama aliyevuka na mashua usiku, mwaka wa 1996 ao 1998, mtoto mgongoni, risasi nyuma. Angeweza kumwonyesha nani ushahidi kwamba yeye peke yake anatafutwa? Kwa maneno yale ya 1969 hakuhitaji. Kuvuka kwake kulitosha. Mkataba huo huo ulisema kurudi lazima kuwe kwa hiari, na kwamba anayerudi asiadhibiwe kwa sababu alikimbia. Ulianza kufanya kazi tarehe 20 Juni 1974, na ile siku ya 20 Juni ambayo kila mwaka tunacheza ngoma mbele ya wageni wa HCR ilikuwa kwanza siku ya wakimbizi wa Afrika, mbele ya kufanywa ya dunia yote mwaka wa 2001.

Kwa hiyo maoni yangu, kwa wale waliouliza maoni: neno libaki katika kibao, na liandikwe kwa k, Kiswahili, si kwa namna ya Kifaransa. Kama vijana wanataka kuongeza neno, waongeze Tanganyika, ambalo lina watu wa ng'ambo zote.

Kura ni ya mkutano ujao. Wakati tunangoja, ninaomba kitu kwa wazee na kwa wavuvi. Majina ya zamani ya mito midogo, mawe ya ziwani na vituo vya mashua toka Kavimvira mpaka Kalundu, kwa Kivira, Kifuliiru, Kibembe, na kwa lugha yoyote nyingine iliyoita mahali hapo, mutuletee. Mwenye majina mawili ya mahali pamoja alete yote mawili. Sekretari ana daftari, na yuko ofisini kila Jumanne na Ijumaa asubuhi.